John Mugabi "The Beast": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

John Mugabi ni nani?

Bondia mstaafu wa Uganda, kazaliwa Kampala tarehe 4 Machi 1960. Ana medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, amewahi kuwa bingwa wa dunia wa WBC (moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, kama WBA, IBF na WBO) uzito wa super welter, na ndiye mtu wa mwisho kupigwa na Marvin Hagler, bingwa Mmarekani wa uzito wa kati, lakini pia ni kati ya wachache sana waliomfanya Hagler atoke ulingoni uso umevimba na hoi kabisa. Rekodi yake ya ngumi za kulipwa ni mapambano 50: kashinda 42, na katika hizo 42 ni 39 ambazo hazikufika mwisho, kapoteza 7, sare 1. Rudia hiyo namba, 39 kati ya 42. Ukisikia wazee wa ngumi wanasema mtu "ana konde", basi ndo huyu.

Alikuwa uzito wa kati au super welter? Kila mtu anasema lake

Wote wako sahihi. Super welter mwisho wake ni ratili 154, karibu kilo 70, na uzito wa kati ni ratili 160, yaani kilo 72 na nusu hivi. Mugabi alikuwa anapanda na kushuka kati ya hizo mbili maisha yake yote ya ngumi. Usiku wake mkubwa kuliko yote, ule wa Hagler, ulikuwa uzito wa kati, mkanda wake wa dunia akaupata super welter, halafu nafasi yake ya mwisho ya ubingwa ikawa tena uzito wa kati. Tofauti inaonekana ndogo, kilo mbili na nusu, ila ukikutana na mtu kama Hagler ambaye mwili wake umejengwa kwa ratili 160 toka ujana hizo kilo unazisikia kuanzia raundi ya saba kwenda mbele.

Olimpiki ya 1980 ilikuwaje?

Hii sehemu watu wanaipita haraka na mimi naona haistahili kupitwa. Mwaka 1980 Marekani iligoma kwenda Moscow sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan na nchi nyingi zikaifuata, Kenya ikiwemo. Uganda ilienda, Tanzania ilienda. Na kumbuka ni mwaka mmoja tu toka Amin aangushwe, nchi imetoka vitani, serikali zinabadilishana Kampala kila baada ya miezi, na bado timu ya ngumi ikapatikana ikapanda ndege.

Mugabi alicheza uzito wa welter akafika fainali, akapoteza kwa pointi kwa Andrés Aldama wa Cuba. Cuba mwaka ule walibeba dhahabu 6 kati ya 11 za ngumi, kwahiyo kufungwa na Mcuba kwenye fainali wala sio aibu. Fedha yake ndo ilikuwa medali pekee ya Uganda kwenye michezo ile, na baada ya hapo Uganda ikakaa miaka 16 bila medali yoyote ya Olimpiki mpaka Davis Kamoga alipopata shaba ya mita 400 kule Atlanta 1996. Kwa upande wa ngumi ni mbaya zaidi, hakuna bondia mwingine wa Uganda aliyepata medali ya Olimpiki toka Mugabi.

Wabongo mnaosoma hii, Olimpiki hiyo hiyo ndo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na fedha zao mbili, kwahiyo 1980 ni mwaka wa fedha kwa majirani wote wawili.

Mbona hakubaki Uganda?

Angebaki afanye nini? Ngumi za ridhaa Uganda zilikuwa juu sana, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walishaleta medali za Olimpiki 1968 na Rwabwogo akaongeza nyingine 1972, ila ngumi za kulipwa zinataka promota mwenye hela, televisheni na ukumbi unaojaa, na Uganda ya 1980 haikuwa na hivyo vitu. Bondia akiwa mzuri alikuwa anaondoka. Ayub Kalule alienda Denmark, Cornelius Boza-Edwards alikulia ngumi zake Uingereza, Mugabi naye akaanzia Ujerumani mwishoni mwa 1980 miezi michache tu baada ya Moscow, kisha akaingia mikononi mwa Mickey Duff, promota na meneja mkubwa wa London enzi hizo. Kocha wake akawa George Francis, ambaye watu wengi wanamjua kwa kumfundisha Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa Uingereza. Baadaye wakahamishia kazi Marekani maana hela na mikanda ilikuwa huko.

Kabla ya Hagler alikuwa 26 bila kupoteza, zote KO (mpinzani anamalizwa kabla ya raundi kuisha). Si alikuwa anapewa vibonde?

Swali zuri na ni haki kuliuliza, kwasababu rekodi kama hizo zipo nyingi na zingine ukizifungua ndani hamna kitu. Za mwanzo mwanzo kule Ulaya ndio, zilikuwa za kujenga jina kama za bondia yeyote. Ila kuanzia 1983 mambo yanabadilika kabisa. Curtis Parker wa Philadelphia, mtu mgumu anayejulikana kwa kusimama na yeyote, alimalizwa raundi ya kwanza tu. James Green 1984 alimsumbua sana, wakaenda mpaka raundi ya 10 ndo akaisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona Mugabi akichoka. Mwaka huo huo Frank Fletcher, naye wa Philadelphia, naye wa kushoto, naye mbishi, akalazwa raundi ya 4. 1985 Earl Hargrove, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa anagombea mkanda wa IBF, raundi ya kwanza tu.

Hao sio vibonde. Hao ni watu waliokuwa wanaonyeshwa kwenye televisheni za Marekani kila mara na mashabiki walikuwa wanawajua kwa majina.

Pambano la Fletcher ndo naliona linamweleza vizuri kuliko yote. Mugabi hakuwa mtu wa jab (ngumi ya mkono wa mbele) ya kupima pima, alikuwa anaingia ameinama kidogo, anarusha apakati kutoka chini, halafu kulia inafuata kwa juu kama mtu anayepasua kuni, na haikuwa ngumi moja moja, zilikuja tatu nne kwa pamoja na kila moja ilikuwa na nia ile ile. Shida yake inaonekana hapo hapo pia. Kichwa hakichezi. Akishaanza kurusha anasimama mahali pamoja, na hakuna aliyewahi kumwadhibu kwa hilo sababu wapinzani walikuwa wanaanguka kabla hawajapata muda wa kuliona.

Niambie kuhusu pambano la Hagler, ukweli wote

Kaa chini basi.

Lilipangwa Novemba 1985, Hagler akaumia mazoezini likasogezwa mpaka tarehe 10 Machi 1986, uwanja wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas, refa Mills Lane. Hagler alikuwa na mikanda yote mitatu, WBC, WBA na IBF, hajapoteza toka 1976, na pambano lake la mwisho kabla ya hapo ni lile la Aprili 1985 na Thomas Hearns, raundi tatu ambazo mpaka leo watu wanazitaja kuwa kali kuliko zote. Kwahiyo mawazo ya wengi ilikuwa huyu Mganda anakuja kuchukua hela yake aende. Hearns mwenyewe alicheza usiku ule ule akammaliza James Shuler raundi ya kwanza, na mpango uliokuwa unasubiriwa ni Hagler na Hearns warudiane. Mugabi kwenye huo mpango alikuwa kituo cha njiani.

Kilichotokea ni kitu kingine. Raundi za mwanzo Mugabi hakurudi nyuma hata hatua moja, akawa anamtupia Hagler zile apakati zake na zinafika, yaani unamuona Hagler, mtu ambaye kidevu chake kilikuwa kama jiwe, anabadilisha mawazo katikati ya pambano. Akaacha kwenda kwa pupa, akaanza kutumia jab ya mkono wa kulia na kumchosha mwili. Hapo ndo utaona ukubwa wa Hagler kwa kweli.

Raundi ya 6 itafute uiangalie peke yake. Hagler anamwaga ngumi, nyingi sana, safi, kichwani, na Mugabi hadondoki. Anayumba, anaegemea, unasema sasa basi, halafu anarudisha. Watu uwanjani wamesimama wote. Mimi nimeiangalia nikiwa na watu wasiojua ngumi kabisa na wao wakaacha kuongea.

Baada ya hapo pumzi ikaanza kuisha, na hapo ndo zile KO 26 zikaja kumdai, maana mtu aliyezoea kumaliza kazi mapema hajawahi kufundishwa na ulingo namna ya kugawa nguvu zake kwa raundi 12. Hata hivyo alikuwa bado anarusha, na jicho la Hagler lilikuwa limevimba vibaya. Raundi ya 11 Hagler akampata na mfululizo wa kulia, Mugabi akaanguka kwenye kamba akabaki amekaa, Mills Lane akahesabu mpaka kumi. Hakukataa kuamka, miguu haikuwepo tena.

Hagler baada ya hapo alipigana mara moja tu maishani, tarehe 6 Aprili 1987 na Sugar Ray Leonard, akapoteza kwa pointi zinazobishaniwa mpaka kesho, akaacha ngumi. Na Leonard amesimulia kwamba alikuwa amekaa ukingoni usiku wa Mugabi, akaona Hagler amepungua kasi, na pale ndo wazo la kurudi ulingoni likamjia. Kwahiyo Mugabi ndo aliyempunguza, Leonard akaja kuvuna. Hilo nalisema kila nikipata nafasi sababu kwenye historia zinazoandikwa Marekani jina la Mugabi linapewa mstari mmoja.

Kwanini alipigwa na Duane Thomas? Si alikuwa ametoka kumsumbua Hagler?

Ndio maana wote walidhani atashinda. Tarehe 5 Desemba 1986, Caesars Palace tena, mkanda wa WBC super welter ulioachwa na Hearns. Raundi ya 3 Mugabi akageuka ghafla ameshika jicho, hawezi kuendelea, refa akasimamisha. Wengi pale pale wakasema kakimbia. Uchunguzi ukaonyesha mfupa wa tundu la jicho umevunjika. Jamaniii, mtu jicho limevunjika mfupa unamwita mwoga? Miezi tisa nyuma huyo huyo alisimama raundi 11 na Hagler. Alikaa nje mwaka mzima 1987, akarudi 1988.

Ubingwa wa 1989 alioupata Ufaransa ni halali kweli? Nasikia mpinzani aliteguka mguu

Ni kweli aliteguka. René Jacquot alikuwa bingwa wa WBC baada ya kumpiga Donald Curry bila mtu kutarajia Februari 1989, akamkaribisha Mugabi Ufaransa tarehe 8 Julai. Raundi ya kwanza Jacquot akaanguka na kifundo cha mguu kikamgeuka, hakuweza kuendelea, mkanda ukaenda kwa Mugabi.

Halali, na sijali mtu atasema nini. Kwa Thomas mwili wake ndo ulimwangusha na hakuna aliyesema ushindi wa Thomas si halali, sasa safari hii mwili wa mwenzake umeangusha tunaanza kutafuta kasoro? Ngumi ina hesabu zake, na mtu aliyeingia kwenye ubingwa mara mbili akapoteza, mara ya pili akatoka na jicho bovu, anastahili mkanda alioupokea mkononi.

Alikaa nao muda gani?

Mfupi. Tarehe 31 Machi 1990, Tampa, Terry Norris alimkuta na kulia raundi ya kwanza ikaisha hapo. Wakati ule watu hawakumjua Norris vizuri wakaona ajabu, ila mwaka uliofuata Norris huyo huyo akampiga Leonard raundi 12 pale New York, ndo dunia ikaelewa Mugabi alikutana na nani.

Halafu Novemba 1991, Royal Albert Hall, London, akapewa nafasi ya mkanda wa WBO uzito wa kati uliokuwa wazi dhidi ya Gerald McClellan. Raundi ya kwanza tena. McClellan alikuwa kijana anayepiga vibaya sana na Mugabi hakuwa tena yule wa 1985, mwili ulishapokea mengi. Pambano hilo siwashauri muanze nalo, wala siwashauri mlione kama hamjaona mengine.

Baada ya hapo?

Akahamia Australia, akakaa bila kupigana miaka kadhaa, akarudi ulingoni huko huko 1996, akashinda mapambano kadhaa ya huko na kupoteza mengine. La mwisho ni Januari 1999 na Glen Kelly, akasimamishwa raundi ya 8, akiwa anakaribia miaka 39, akastaafu. Mapambano ya hii miaka ndo yaliyompa hasara 3 kati ya 7 za rekodi yake, kwahiyo ukiangalia rekodi bila kujua hili unaweza kumshusha. Miaka yake halisi, 1980 mpaka 1990, alipoteza mara tatu, zote kwenye mapambano ya ubingwa wa dunia.

Ni ndugu na Robert Mugabe?

Hapana. Mugabi wa Uganda, Mugabe wa Zimbabwe.

Idi Amin ndo alimfundisha ngumi?

Hapana. Ni kweli Amin alikuwa bondia na aliwahi kuwa bingwa wa Uganda uzito wa light heavy, na ni kweli Mugabi amekua kijana wakati wa utawala wake, ila Amin aliondoka Aprili 1979 na Mugabi anaanza kujulikana dunia nzima 1980. Naona wanaoandika nje ya Afrika wanapenda kuwaunganisha kila Mganda na Amin, ukikutana na habari ya hivyo ipite.

Ndiye bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Uganda?

Hapana, huyo ni Ayub Kalule, 1979, WBA super welter, alimpiga Masashi Kudo wa Japan. Kalule akaja kupoteza kwa Leonard Juni 1981, raundi ya 9. Boza-Edwards naye alichukua WBC uzito wa super feather 1981. Mugabi ni wa 1989, na Kassim Ouma akafuata 2004 na mkanda wa IBF, super welter hiyo hiyo. Watatu kati ya hao wanne ni super welter, sijui kama kuna nchi nyingine ndogo yenye historia kama hiyo kwenye uzito mmoja.

Angekutana na Hearns ingekuwaje?

Maoni yangu tu: raundi nne za kwanza ni hatari kwa wote wawili. Hearns anapiga kwa mbali, kulia yake imenyooka na ndefu, na kichwa cha Mugabi kisichocheza ndo shabaha anayoipenda. Ila Hearns akiguswa kidevuni miguu inalegea, tuliona kwa Hagler, na apakati za Mugabi zingefika tu. Ningeweka hela yangu kwa Hearns ila nisingekaa kwa amani. Kwa Leonard sioni Mugabi akishinda, Leonard angemzungusha mpaka achoke.

Nataka kuangalia mapambano yake, nianze na lipi?

Anza na Fletcher 1984, ni fupi na utamuona akiwa na kila kitu chake. Kisha James Green, mwaka huo huo, uone anavyohangaika na pumzi raundi za mwisho mwisho, maana bila hilo hutaelewa kilichokuja kutokea Las Vegas. Halafu Hagler lote kuanzia kengele ya kwanza, usiangalie vipande vilivyokatwa, vile vinaonyesha KO tu na raundi za 1 hadi 5 zinatupwa wakati ndo hizo Mugabi alizofanya kazi yake. Video zipo nyingi mtandaoni, tafuta yenye raundi zote 11, na kama una mzee nyumbani aliyefuatilia ngumi miaka ya themanini mwite aiangalie na wewe, atakwambia majina mengine ambayo hapa sijayagusa.